Mhunzi Niliyemwandika Msukuma

Sifa ni zako, Mungu Mwenyezi, uliyeficha chuma ndani ya mwamba na ukaweka pumzi ndani ya kifua cha binadamu. Wewe unatujua hata pale tunapoandikana vibaya. Nakushukuru kwa uzee huu, kwa macho ambayo bado yanaufuata mstari, na kwa kikombe cha uji ambacho mke wangu ananiwekea kila asubuhi kabla sijakiomba. Nisaidie niseme yaliyokuwa, wala nisijipambe.

Naandika nikiwa Masumbwe, nyumbani. Mimi ni Msumbwa. Nilizaliwa upande wa Ushirombo, nikabatizwa nikiwa mchanga, nikasomeshwa na mapadre mpaka seminari ndogo, ambako nilikaa miaka mitatu. Upadre haukuwa fungu langu. Nilitoka na Kilatini kidogo, mwandiko mzuri, na mazoea ya kukaa kimya mkubwa anaposema. Mwandiko ulinipatia kazi. Mazoea yale mengine ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Miaka ya mwanzo ya uhuru nilikuwa karani wa majina katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, Shinyanga. Jumapili nilifundisha katekisimu, kwa hiyo hata kiwandani waliniita Mwalimu. Msimu wa pamba ulipofunguliwa watu walijipanga langoni asubuhi na mapema, nami niliketi kwenye meza ndogo na kuwaandika: jina, kwao, kabila. Mnyapara alisimama nyuma ya bega langu. Akishasikia kabila alikuwa ameshajua mtu anakwenda wapi, hata wino haujakauka.

Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ilikuwa kama viti vya kanisani, ambavyo havina majina lakini kila mtu anajua nani hukaa wapi. Ofisini walikaa watu wa ng'ambo ya ziwa na wa kaskazini, ambao kwao shule zilitangulia. Kwenye injini na karakana alikuwa Mhindi mmoja, mzaliwa wa Shinyanga, na kabla yake alikuwa baba yake. Mizani, lango na uwanja wa marobota vilikuwa vya Wasukuma, maana nchi ni yao na pamba ni yao. Waliobaki, wale waliokuja mmoja mmoja kutoka makabila ambayo mnyapara ilimbidi aulize mara mbili ndipo asikie, walikwenda chumba cha vumbi.

Chumba cha vumbi kilikuwa nyuma ya mashine. Nyuzi fupi na uchafu wote wa pamba vilipulizwa humo, na watu waliingia na masepeto kuvijaza kwenye magunia. Kitambaa puani, basi. Walitoka saa tisa wakiwa weupe nywele, nyusi na kope, kijana wa miaka ishirini akafanana na babu. Uwanjani kulikuwa na mchezo wa kuwapanga foleni na kuwaamkia.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea ugoro?"

Tulicheka. Nami nilicheka. Wengi wao hawakupata kuwa mababu.

Wasumbwa tulikuwa wanne kiwandani, na wenzangu watatu walikuwa vumbini. Kama si mwandiko wangu ningekuwa wa nne. Nililijua hilo kila siku niliyoketi kwenye meza ile, na naomba msomaji alikumbuke, si kwa kunisamehe, bali kwa kuelewa.

Jumapili moja baada ya Misa alikuja nyumbani kwangu mtu nisiyemjua, na mke wake, na binti wao wa miaka sita hivi. Alikuwa Mrongo. Warongo ni watu wachache wa upande wa Geita, wanaoishi katikati ya Wazinza na Wasukuma, na tangu mababu kazi yao ilikuwa chuma: kuchimba mawe yake, kuyayeyusha, kufua majembe. Majembe yao yalikwenda mbali, na kwa Wasukuma yalitumika kulipia mahari. Kisha yakaja majembe ya dukani, tanuru zao zikazimwa, na wengi wao wakaingia mgodi wa dhahabu wa Wazungu. Huko nako waliwekwa kwenye chuma, kunoa na kunyoosha vyuma vya kutobolea mwamba. Mgeni wangu alifanya kazi hiyo miaka mingi, mwishowe wakamshusha shimoni, kwenye vumbi la mawe. Mgodi ulipofungwa alitoka na kikohozi.

Alitoa barua ya hospitali ya misheni mfukoni, nikaisoma. Daktari aliandika kwamba kifua kimeingia vumbi la mawe, kwamba halitoki, na kwamba mtu huyu asifanye tena kazi ya vumbi la aina yoyote.

"Kwa mdomo aliniambia zaidi," mhunzi akasema. "Nikiongeza vumbi lingine, huyu nitamwacha mdogo." Akamgusa binti kichwani. "Mwalimu, nataka kazi ya chuma. Kama chuma hakuna, nataka kazi yoyote yenye upepo."

"Na isiyo na vumbi," mkewe akasema. "Usimfiche. Sema yote."

Niliwaeleza jinsi kazi zinavyogawanywa langoni. Niliwaambia kwamba Mrongo mmoja, asiye na ndugu hata mmoja kiwandani, atapelekwa palepale alipokatazwa, na kwamba barua ya daktari haitamsaidia, maana kila mtu anayo. Mhunzi alitazama chini. Ndipo wazo likanijia.

"Kisukuma unakijua?"

"Nimekaa mgodini na Wasukuma miaka minane. Walikuwa wananitania kwamba naota kwa Kisukuma."

"Basi kesho ukifika mezani useme jina tu. Yaliyobaki nitaandika mimi. Msukuma, wa Nyasubi, Kahama." Nyasubi nilikuwa na shemeji, na jina lile lilinijia haraka.

Mkewe alinitazama. "Na akifa? Watawapelekea habari watu wa Nyasubi?"

"Sikia mwanamke huyu," mhunzi akacheka. "Kazi sijaanza, ameshanizika."

Niliipima dhambi ile kama nilivyofundishwa kuzipima. Niliona ni uongo mdogo wa kuokoa uhai. Mpaka leo sidhani kwamba nilikosea hapo. Nilikosea baadaye.

Asubuhi yake alisimama mbele ya meza yangu. Niliandika haraka, na mnyapara akainama kusoma. Mnyapara alikuwa Msukuma wa palepale Shinyanga, mnene, mcheshi, wa kwanza kufika kwenye msiba wa mtu yeyote. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba anawapanga watu vizuri, kama mama anavyopanga vyombo kabatini.

"Mhola?" akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mhola duhu, bhabha."

"Wa Nyasubi? Ndiyo maana. Watu wa Kahama Kisukuma chenu kina kona kuliko njia ya mbuzi. Haya, uwanja wa marobota!"

Hivyo mhunzi akapata upepo. Walimpanga na mzee mmoja wa Kisukuma, mrefu, ambaye meno ya mbele yalikuwa yamemtoka lakini mgongo bado ulikuwa wa kijana. Walisukuma toroli la marobota pamoja kutoka mashine hadi mabehewa ya reli, wakibishana siku nzima juu ya ng'ombe. Mhunzi hakuwa na ng'ombe hata mmoja, lakini alibisha. Kikohozi kilipungua. Walipewa chumba katika nyumba za wafanyakazi, ukuta mmoja na changu, na asubuhi nilipoamka kusali nilikuwa nasikiliza kifua chake kupitia ukutani, na kikiwa kimya nilimshukuru Mungu.

Kisha ikaja sensa. Karani wa sensa alipita nyumba kwa nyumba akiongozwa na balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye kiwandani alikuwa mtu wa mizani. Nilikuwa nimeketi kwangu, mlango wazi, na nilisikia kila neno la upande wa pili.

"Kabila?"

Nilijua atajibu nini. Balozi alikuwa amesimama pale.

"Msukuma."

"Mke?"

"Mwandike kama ulivyomwandika yeye," mkewe akajibu. "Na mtoto hivyohivyo. Si mmekuja kuhesabu? Hesabuni."

Mchana tulikutana bombani, akiwa amekinga ndoo. Hakunitazama. "Mwalimu," akasema, "leo Warongo tumepungua watatu, na hakuna aliyekufa."

Baadaye viongozi walisema makabila yasiulizwe tena, maana sisi ni taifa moja. Nilifurahi, na bado naona lilikuwa neno jema. Yalikuja madaftari mapya yasiyo na nafasi ya kabila. Mnyapara akaendelea kuuliza kwa mdomo, nami nikawa naweka nukta ya penseli pembeni mwa majina ya watu wa chumba cha vumbi, ili kesho nisisahau nani aende wapi. Hakuna aliyeniagiza nukta ile. Niliibuni mwenyewe.

Miaka mitano ilipita hivyo. Kiwanda kikawa mali ya umma. Yule fundi Mhindi akafunga mizigo na jamaa yake yote wakaondoka nchini. Siku ya kuaga alisimama mlangoni mwa karakana na funguo mkononi. "Watu wananiuliza nafurahi kurudi kwetu?" aliniambia. "Mwalimu, huko ninakokwenda sijapata kupaona hata kwa picha." Karakana ilifungwa, ikisubiri fundi mwenye cheti kutoka mbali.

Msimu uliofuata, pamba ikiwa imejaa mpaka nje na mawingu ya vuli yakianza kujikusanya, mkono wa chuma unaosukuma kisu cha mashine kubwa ulikatika. Kipuri kiliagizwa Mwanza, hakikuja. Siku ya tatu mnyapara alikuja uwanjani na vipande viwili vya chuma mikononi, jasho likimtiririka.

"Watu wote hawa! Hakuna hata mmoja anayejua kushika nyundo?"

Nilimwona mhunzi akiachia mpini wa toroli. Nilikuwa mbali, nikatikisa kichwa kwa nguvu. Aliniona. Hata hivyo alikwenda, akavipokea vile vipande, akavigeuza, akavinusa mahali vilipokatikia.

"Nifungulieni karakana," akasema.

Jioni yake nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba mikono yake ilikuwa imekaa na njaa miaka mitano.

Karakana ilifunguliwa, na nusu ya kiwanda ikajazana mlangoni. Aliwasha makaa, akamweka mtu mmoja kwenye mivukuto, akavua viatu. Hakuwa na haraka. Alisubiri chuma mpaka kikawa na rangi aliyoitaka, na alipokuwa akisubiri alishika nyundo na kuigonga fuawe, lile pande la kufulia chuma, likiwa tupu, mara tatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Sidhani alijua kwamba amefanya hivyo. Kwao ndivyo mtoto anavyofundishwa: chuma hakipigwi kabla fuawe haijaamshwa.

Yule mzee aliyesukuma naye toroli alikuwa mbele ya watu. Alishtuka, akapiga makofi.

"Warongo!" akapaza sauti. "Jembe alilotolewa mama yangu lilitoka kwa watu wanaogonga hivyo! Baba alikwenda kulinunua mwenyewe, akatusimulia mpaka tukachoka: wanagonga tupu mara tatu, kisha ndiyo wanapiga. Wewe ni Mrongo, kijana wangu! Miaka yote hii nasukuma toroli na Mrongo sijui! Wabeja, bhabha, wabeja sana!"

Alisema kwa furaha. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Alikuwa anamshukuru mtu kwa jembe lililomleta yeye duniani. Watu waliokuwa karibu walicheka na kushangilia, na mhunzi aliinua macho mara moja tu, si kwa yule mzee, bali kwangu. Kisha chuma kikawa tayari, akakipiga.

Mnyapara alikuwa na akili. Alisubiri mkono uunganishwe, upoe, ufungwe mahali pake, mashine ingurume. Ndipo akatuita ofisini kwake, mhunzi na mimi.

"Mrongo," akasema, akijifuta shingo. "Hivi Mrongo ni kabila au ni kazi? Ni kama mtu aniambie yeye ni kabila la washona viatu."

"Kwetu ni vyote viwili, bwana mnyapara."

"Na Nyasubi?"

"Sijapata kufika Nyasubi."

Nilidhani angecheka. Hakucheka, na nilipomtazama niliona kwamba ameumia. "Nimekuweka na ndugu zangu. Nimekula msibani na wewe, sahani moja. Nilikuwa nakuita mdogo wangu." Akanigeukia. "Nani alimwandika hivi?"

Swali lilikuwa langu. Barua ya daktari nilikuwa nimeisoma kwa macho yangu. Ningeweza kusema: ni mimi, bwana mnyapara, kwa sababu mtu huyu ana kifua na vumbi litamuua. Maneno yenyewe hayajai hata kiganja. Lakini nilifikiria nyumba ya kiwanda, watoto wangu wanne, na wale Wasumbwa watatu wanaotoka saa tisa wakiwa weupe. Na mkubwa alikuwa anasema.

"Alinieleza hivyo mwenyewe," nikasema.

Mhunzi hakugeuza hata shingo. "Ndiyo," akasema. "Nilimwambia mimi."

Mnyapara alivuta pumzi. Mhunzi akajaribu mara moja: "Niweke karakana. Kazi yangu umeiona."

"Karakana inasubiri mtu wa cheti. Una cheti?"

"Ule mkono unaozunguka pale."

"Mkono si cheti. Nikikuweka pale, ofisi kuu wakija wataniuliza nimekuokota wapi. Na nafasi ya uwanjani kuna vijana wa hapa wanaisubiri, na hawakunidanganya. Kesho chumba cha vumbi."

Nilitembea nyuma yake mpaka nje. Nilitaka kusema kitu, naye akanikata. "Mwalimu, una watoto wanne. Nimewahesabu." Akaenda zake.

Kesho yake nilifungua daftari na kuweka nukta pembeni mwa jina lake.

Mtu atauliza kwa nini hakuondoka. Mkewe alinijibu nilipomuuliza hivyo. "Twende wapi? Tanuru za kwetu zimeota majani. Mtoto yuko darasa la tano hapa. Unajua kiwanda kingine kinachotafuta Warongo?"

Aliingia humo misimu miwili. Saa tisa alipita mbele ya meza yangu akiwa mweupe, amejishika ubavu, na kila siku, Mungu ni shahidi wangu, alinisalimu. "Shikamoo, Mwalimu." Nilimzidi miaka minne tu. Niliitikia marahaba nikiwa nimeinamia karatasi. Mchezo wa uwanjani ulikwisha kwa upande wake, maana yule mzee wa toroli aliutangaza marufuku. "Atakayemwita huyu babu nitamvunja mkono," alisema, na ilijulikana kwamba anaweza. Mzee yule aliacha kubishana juu ya ng'ombe. Alisukuma toroli na kijana mpya, kimya. Siku moja alikuja mezani kwangu, akasimama, akaniuliza polepole, "Mwalimu, mdomo wangu ndio uliomwingiza mle?" Nilimwambia hapana. Hakuniamini, na kweli ya kumtuliza nilikuwa nayo mimi.

Nilikwenda kuungama. Padre aliniwekea malipizi ya sala, kisha akanishauri niende kwa mnyapara nikaseme ukweli, hasa habari ya kifua. Nilisali sala zote. Kwenda kwa mnyapara, nilijiambia itakuwa Jumatatu. Zilipita Jumatatu nyingi. Usiku, kupitia ukutani, kile kifua nilichokuwa nakisikiliza zamani sasa kilinisikilizisha chenyewe.

Alifariki wakati wa kiangazi, hospitali ya misheni, mchana, mkewe akiwa ameshika bakuli la uji ambao hakuumaliza. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Huku kwetu mtu hazikwi bila kusomewa wasifu wake: amezaliwa wapi, ukoo gani, kasoma nini, kafanya kazi wapi, ameacha nani. Padre alikuwa amesafiri vigangoni, kwa hiyo ibada ya maziko ilikuwa yangu, na wasifu pia. Ofisi ya kiwanda ilinipa karatasi iliyopigwa chapa, imenakiliwa kutoka daftari la kwanza, lile la mwandiko wangu. Msukuma. Mzaliwa wa Nyasubi. Nilikuwa nimeikunja nimeiweka ndani ya kitabu cha sala mkewe alipoingia kwangu, asubuhi ya maziko, amejifunga khanga nyeusi kichwani.

"Wewe ndiye utakayesoma?"

"Ni mimi, mama."

"Utasoma kilichoandikwa au utasoma kweli?"

Niliweka mkono juu ya kitabu cha sala.

"Siku ile ya kwanza nilikuuliza akifa itakuwaje. Mlicheka. Jibu ni leo, Mwalimu. Nikimzika kama mtu wa Nyasubi, binti yangu hatakuwa na mahali pa kusema baba yake alitoka. Sikuombi ulie. Kulia utalia kwako. Nakuomba usome."

Makaburini walikuja watu wengi. Kiwanda kilitoa lori. Wasukuma wa uwanja wa marobota ndio waliochimba kaburi, na yule mzee wa toroli hakukubali kupokezana, alikuwa ndani ya shimo mpaka mwisho. Mnyapara alisimama mbele, ameshika kofia, kama alivyosimama kwenye misiba yote. Nilifungua kitabu cha sala, nikaitoa karatasi ya ofisi, nikairudisha.

Nikasema kwamba marehemu alikuwa Mrongo, mhunzi, mtoto wa mhunzi, mzaliwa wa upande wa Geita. Nikataja ukoo wake, ambao mkewe alinipa asubuhi ile. Nikasema kwamba ule mkono wa mashine kubwa, unaozunguka mpaka leo, aliuunganisha yeye. Nikasema kwamba alikuja Shinyanga na barua ya daktari iliyomkataza vumbi, kwamba mimi niliisoma, kwamba mimi ndiye niliyemwandika Msukuma ili asiingie vumbini, na kwamba nilipoulizwa nilimwachia yeye uongo wangu. Nilisema yote. Sauti ilitoka bila shida. Nilikuwa nimeyaogopa maneno hayo miaka miwili, nayo hayakuchukua muda wa kusali Baba Yetu mbili.

Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa. Yule mzee wa toroli alijifuta uso kwa mkono wenye udongo, akabaki amejipaka.

Watu walipotawanyika mnyapara alinifuata. Nilijiandaa kupoteza kazi, na namshukuru Mungu kwamba angalau saa ile nilikuwa tayari. Alisimama karibu yangu, akavaa kofia, akaivua tena.

"Mwalimu," akasema, "ungeniambia ana kifua, ningemweka langoni."

Basi. Akaondoka. Hakunifukuza, hakulitaja tena. Sijui kama alisema kweli. Labda alijisemea tu, kama watu wanavyojisemea kaburini. Lakini sikupata kumpa nafasi ya kuonyesha, na hilo ndilo nililobaki nalo. Wale watatu wa kwetu niliwasemea mwaka uliofuata, mmoja mmoja, kwa jina. Mmoja alitolewa chumba cha vumbi akapewa ulinzi. Kwa wale wawili nilikuwa nimeshachelewa, vifua vilikuwa vimekwisha kuharibika. Nukta za penseli nilizifuta kwa kifutio, kurasa zote, na mahali pake palibaki madoa.

Mjane na binti walirudi Geita. Miaka ilipita, nikastaafu, nikarudi Masumbwe. Katika miaka ya themanini watu walianza kuchimba dhahabu wenyewe kwenye vilima vya huku, wamekuja kutoka kila pembe ya nchi, na nilipopita kwenye mashimo yale niliona tena kitu nilichokijua: watu wa mahali fulani ndio wanaoshuka, watu wa mahali pengine ndio wanaotwanga mawe kwenye vumbi, na wengine wamekaa kivulini na mizani. Niliwauliza nani amewapanga hivyo. Walinishangaa. Hakuna aliyewapanga.

Katika miaka hiyohiyo nilipata barua kutoka kwa binti wa mhunzi, sasa mama wa watoto. Aliandika kwa heshima, akaniamkia, akaniuliza kama ule wasifu niliousoma kaburini niliwahi kuuandika mahali. Wanawe wanamuuliza babu yao alikuwa nani, na cheti cha baba yake kutoka kiwandani kinasema Nyasubi.

Sikuwa nimeuandika. Niliketi hapa mezani, nikauandika wote, kwa mwandiko uleule, nikaweka kabila lake, kijiji chake na ukoo wake, na mwisho nikaandika jina langu kama mtu aliyeshuhudia. Niliukunja, nikaupeleka posta Masumbwe kwa mkono wangu mwenyewe. Hiyo ndiyo karatasi ninayoweza kwenda nayo mbele ya Mungu, na ni moja tu.

Nawe unayesoma haya, Mungu akulindie pumzi yako na ya watoto wako. Akupe kazi inayoifaa mikono yako, na watu wanaokujua kwa jina lako la kweli. Na siku mtu mwingine atakapokuhitaji useme neno moja, akufungue mdomo siku hiyohiyo. Amina.